Mkataba Uliokatwa Kola

Shangazi yangu hatupi karatasi. Ukimpa barua ataisoma, ataigeuza, ataikunja kona kidogo kupima ugumu wake, kisha ataitazama kwa jicho lile ambalo mchinjaji humtazamia ng'ombe. Ni fundi cherehani, miaka ishirini na sita ndani ya chumba kimoja chenye dirisha moja, na mtaa mzima unamwita Mama Pindo kwa sababu hakuna pindo lake lililowahi kufumuka. Patani zake, zile karatasi anazozikata umbo la mkono au kola ili kitambaa kifuate, amezitundika ukutani kwenye misumari, fungu kwa fungu, zimefungwa kwa uzi. Ukisogea karibu unaweza kuusoma ukuta ule: nusu ya kalenda, kipande cha mfuko wa saruji, matokeo ya mtihani ya mtu ambaye siku hizi ni daktari. Yote hayo sasa ni mabega na makwapa ya watu.

Nayasema haya mapema ili usimcheke kabla ya wakati. Wakati wa kucheka upo, tena mwingi.

Mwaka jana aliingia dukani wakala mwenye tai nyekundu na viatu visivyojua vumbi. Akalifungua jarida la mitindo juu ya meza ya kukatia, picha zikang'aa hadi darini, akasema, "Mama, miezi mitatu ya kwanza ni bure kabisa. Ukichoka, unasema tu."

"Nasema kwa nani?"

"Unasema tu, mama."

Shangazi akasaini. Na ngoja nikwambie ukweli kuhusu saini ile: hakusaini kwa ajili ya jarida, alisaini kwa ajili ya karatasi. Nakala ya mkataba aliyoachiwa ilikuwa pana, nene, nyeupe, ngumu, kingo zimenyooka, karatasi ambayo fundi akiipata hasemi kitu, anaenda kufunga mlango kwanza. Mkataba ule haukumaliza wiki. Jumamosi ulikuwa tayari ni kola moja ya shati, mfuko mmoja wa kifuani, na mkono mmoja mfupi wa sare ya mtoto.

Miezi ya bure ikapita. Kuanzia hapo, kila tarehe mosi simu ya shangazi ililia mlio mmoja mfupi na pesa ya jarida ikatoka yenyewe, na kila Jumanne ya kwanza pikipiki ikaendelea kusimama mlangoni na kushusha jarida jipya. Lakini si pesa iliyomkosesha usingizi. Kilichomuumiza ni ukurasa wa kumi na nne.

Kabla ya jarida, mteja alikuja na kitambaa na kusema, "Mama Pindo, nishonee unavyojua wewe." Shangazi alimzungusha mara moja, akamtazama anavyosimama, anavyoinua mkono, akakata. Hakuna magauni mawili ya mkono wake yaliyofanana, maana hakuna wanawake wawili wanaofanana. Jarida lilipoingia, wateja waliacha kusimama ili watazamwe. Waliketi, wakafunua, wakaweka kidole. "Hili." Na mwezi mmoja kidole cha mtaa mzima kiliangukia ukurasa wa kumi na nne: gauni la mikono iliyovimba kama mito ya kulalia. Shangazi alishona kumi na moja. Kwenye kikao kimoja cha wazazi wa shule, watatu wakaingia nalo, mmoja nyuma ya mwingine, wakatazamana kama watu waliokutana na wizi. Kesho yake wote watatu walikuja dukani kugomba.

"Mama Pindo, umenivalisha sare!"

"Ulichagua mwenyewe, mama."

"Wewe ni fundi, ungenikataza!"

Sentensi hiyo ilimwingia. Alijaribu kuyaficha majarida. Aliyaweka chini ya mto wa kiti chake, akayakalia. Muuguzi mmoja, mteja wake wa miaka mingi, akamwinua taratibu kwa kumshika makwapani, kama anavyowainua wagonjwa, akachomoa jarida. Wateja walikuwa wameshaijua Jumanne ya pikipiki. Walifika kabla yake na kuisubiri.

Basi shangazi akaamua kuacha. Akafanya kama alivyoambiwa: akasema tu. Alimwambia mwenye pikipiki, naye akajibu, "Mimi naleta tu, mama." Alipiga simu ya kampuni mara saba. Mara saba alipigiwa muziki, na sauti nyororo ikamwarifu kwamba simu yake ni muhimu sana kwao, kisha muziki tena, mpaka salio likakata roho.

Halafu, Jumanne moja, ndani ya jarida kukawa na kadi ya rangi ya dhahabu. "Hongera, msomaji wetu! Ijumaa hii saa sita mchana, usajili wako utajirefusha wenyewe kwa miaka miwili."

Shangazi akaisoma kwa sauti, mara mbili.

"Utajirefusha wenyewe," akarudia. "Miaka ishirini na sita nashona, sijaona kitu kinachojirefusha chenyewe."

"Nywele," akasema jirani yake, fundi viatu, ambaye hukaa kwenye kigoda mlango wa pili na hana mazungumzo asiyoingia.

"Nyamaza wewe."

Miaka miwili ya kunakili picha za watu wasiomjua mteja wake hata mmoja! Kama asingesitisha kabla ya Ijumaa saa sita, kazi yake ingekuwa kufuata kidole. Hilo ndilo lililomtoa dukani Jumatano asubuhi, bado ana futi ya kupimia shingoni.

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofa ya pili, ina viti vya chuma vilivyoungana na foleni iliyokaa kimya. Dada wa kaunta alikuwa na sauti ya upole na kucha zilizopakwa vizuri.

"Kusitisha inawezekana, mama, kwa masharti."

"Masharti gani?"

"Yako kwenye mkataba wako."

"Nisomee wa kwenu."

"Wa kwetu uko makao makuu. Lete nakala yako. Bila nakala, mama, mfumo haunipi ruhusa."

Hapa ndipo damu yangu huchemka. Kampuni inayojua namba yako ya simu kiasi cha kuingia kila tarehe mosi bila kubisha hodi, haijui mkataba wenyewe umelala wapi! Kuingia ni saini moja, mlangoni kwako, umekaa. Kutoka ni ghorofa mbili, foleni, na karatasi ambayo wao wanajua fika kwamba watu hawatunzi. Huo si usahaulifu. Ni biashara. Nami nawaambia rafiki zangu kila siku: kabla hujauliza namna ya kuingia, uliza namna ya kutoka, na jibu uandikiwe.

Lakini shangazi hakuchemka. Alikuwa anashuka ngazi akijaribu kukumbuka karatasi nyeupe, nene, ngumu. Kwenye ngazi ya mwisho akakumbuka, akashika ukuta.

Aliporudi dukani alishusha mafungu yote ya patani sakafuni. Fundi viatu aliacha nyundo akaja kusimama mlangoni.

"Unahama?"

"Natafuta mkataba."

"Uko kwenye faili?"

"Uko kwenye shati la kondakta."

Alikuwa anasema kweli. Kola waliikuta kwenye fungu la mashati ya wanaume, shingo namba kumi na sita, ya kondakta mteja wake: ina jina la kampuni, tarehe na saini ya shangazi, imepinda na kukaa vizuri kama kola yoyote. Mfuko ulikuwa kwenye fungu la makoti ya wauguzi. Juu yake palikuwa na Sharti la Nane, lile la kujirefusha, lote zima, bila mkwaruzo. Chini kabisa, pale mfuko unapochongoka, Sharti la Tisa likaanza: "Mteja ana haki ya"

Basi. Baada ya hapo ni mkasi.

Wakaketi sakafuni wakitazama ncha ya mfuko.

"Mteja ana haki ya," akasoma shangazi.

"Haki ya kunywa maji," akasema fundi viatu.

"Mpuuzi."

"Haki ya kukaa kwenye vile viti vya chuma."

Shangazi akaanza kucheka, akazuia, ikamshinda. Alicheka mpaka futi ikadondoka shingoni. Haki anayo, imeandikwa, kampuni yenyewe imekiri, na hajui ni ya nini! Kisha akakatisha kicheko.

"Mkono," akasema. "Mkono mfupi wa mtoto. Yule mtoto alikua, nikatoa patani ile. Nilikupa wewe."

Fundi viatu akageuka kutazama kibanda chake.

"Ulisema unataka karatasi ngumu ya kuweka ndani ya kiatu."

"Nilisema."

"Umeiweka kiatu gani?"

Alijikuna kichwa kwa muda mrefu kuliko kichwa chake kinavyohitaji. "Mwalimu mstaafu," akasema. "Vile vyeusi. Vilikuwa vinampwaya. Kulia nikamwekea yako, kushoto nikamwekea ya mfuko wa saruji."

Fikiria hapo kidogo, msomaji. Kwa miezi saba, mzee mmoja mwenye heshima zake alitembea kwenda sokoni, benki na kliniki, akikanyaga Sharti la Tisa.

Alhamisi asubuhi walimkuta kwa kinyozi, amefunikwa shuka jeupe, upande mmoja wa kichwa umekwisha na wa pili bado. Shangazi hakusalimu hata.

"Mwalimu, vua kiatu."

"Kipi?"

"Cha kulia."

Mwalimu alifundisha miaka thelathini na nane. Mtu wa namna hiyo hashtuki upesi. Alimtazama shangazi kupitia kioo, akamtazama fundi viatu nyuma yake.

"Fundi, nilikulipa."

"Ulinilipa, Mwalimu. Tunaazima tu."

"Mnaazima ndani ya kiatu changu?"

Shangazi akapiga goti, akafungua kamba mwenyewe, akaingiza vidole, akachomoa kipande chenye umbo la wayo. Upande wa juu ulikuwa umekuwa kahawia na unang'aa. Akakigeuza. Bahati ya mtu! Maandishi yalikuwa yametazama chini, yamepona. Akampa Mwalimu asome.

Mwalimu akatoa miwani chini ya shuka. Akasoma kama anayesomea darasa la watu sitini, polepole, akiacha nafasi ya kuandika: "... kusitisha usajili wakati wowote, kwa barua yenye saini yake atakayoikabidhi ofisi yoyote ya kampuni. Mteja hatalazimika kutoa sababu."

Kinyozi alizima mashine.

"Soma tena," akasema shangazi.

Akasoma tena. Mara ya tatu waliimba wote, kinyozi pia. Shangazi alimkumbatia Mwalimu na shuka lake, nywele zikamjaa kifuani, akamkumbatia fundi viatu, na nusura amkumbatie mtu aliyekuwa akipita nje na mkate wake.

"Sasa nisikilizeni," akasema Mwalimu, kichwa nusu. "Barua mbili, za maneno yale yale. Moja yao, moja yako. Zote zigongwe mhuri, tarehe na saa. Usitoke bila yako. Na kipande hiki ni mali yangu, nimekilipia. Kikienda ofisini, nami naenda."

Siku hiyo yote shangazi hakushona nguo ya mtu. Alishona mkataba. Aliulaza mfuko juu ya kile kitambaa kigumu anachotia ndani ya kola, akaupanga wayo mahali maneno yalipokutana, kola ikakaa juu kabisa na saini yake, akapiga mshono wa zigizaga kwa uzi mweupe, akapinda kingo pande zote nne. Nimeuona kwa macho yangu. Ulikuwa na shingo, kifua na unyayo, na ulisomeka kuanzia juu hadi chini.

Ijumaa wakaenda watatu. Fundi viatu alifunga kibanda, akasema anaenda kama shahidi. Mwalimu alitembea kwa hadhari, kiatu cha kulia kikipiga makofi kila hatua. Foleni ilikuwa ndefu. Walifika kaunta saa tano na dakika arobaini.

Dada wa kaunta akaupokea mkataba. Akaugeuza. Akavuta uzi mmoja.

"Usifumue," akasema shangazi.

"Mama, huu umeshonwa."

"Vizuri sana."

"Unatakiwa uwe kama ulivyotolewa."

"Nionyeshe palipoandikwa, mwanangu. Sharti namba ngapi?"

Dada akatafuta. Masharti yaliyobaki yalikuwa mawili tu, nane na tisa, na hakuna hata moja lililokataza cherehani.

"Nisomee hilo la tisa," akasema shangazi. "Kwa sauti, macho yangu yamechoka."

Macho yake ni mazima kama ya paka. Alitaka foleni isikie. Dada akaanza kwa sauti ndogo, "Mteja ana haki ya kusitisha usajili wakati wowote..." na nyuma viti vya chuma vikaanza kulia, kimoja baada ya kingine, watu wakisogea. Mwanamke mmoja akauliza, "Wakati wowote? Amesema wakati wowote?" Mwingine akajibu, "Hata mimi nimesikia hivyo."

Akaitwa msimamizi. Alitoka akitabasamu, na kwenye mkono alibeba mwavuli wenye jina la jarida. "Mama, wewe ni msomaji wetu wa dhahabu. Mwavuli huu ni wako. Na miezi mitatu bure."

"Sitaki."

"Na kalenda ya ukutani."

Akaifungua juu ya kaunta. Hapo, anasema fundi viatu, ndipo yeye alipoogopa kweli. Maana kalenda ile ilikuwa kubwa, kurasa kumi na mbili, karatasi nene, nyeupe, ngumu. Mkono wa shangazi ulikwenda wenyewe. Ukagusa ukingo. Ukakunja kona.

"Migongo sita," akanong'ona. "Na mikono yake."

"Mama Pindo," akasema Mwalimu kwa sauti ya darasani.

Shangazi akaurudisha mkono kama aliyegusa pasi. Akafungua mkoba, akatoa barua mbili alizoandika kwa mkono wake, mistari minne kila moja. "Gonga mhuri," akasema. Ilikuwa saa tano na dakika hamsini na moja.

Dada akaanza kujaza kwenye kompyuta. Jina. Namba. Akasimama.

"Sababu ya kusitisha?"

"Silazimiki kutoa."

"Najua mama, nimetoka kusoma mwenyewe. Lakini mfumo hauendi mbele bila kuandika sababu."

"Basi mfumo ukasome sharti la tisa."

Foleni ikapiga makofi. Fundi viatu akapendekeza aandike amekufa. Mtu mwingine akapendekeza aandike ameolewa. Msimamizi akasema andika chochote mama, kwani kuna ubaya gani, na shangazi akasema ubaya upo, leo nikitoa sababu nisiyodaiwa, kesho mtaniambia haitoshi. Saa ya ukutani ikafika dakika hamsini na tano. Akaushika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Sababu alikuwa nayo, alikuwa nayo tele, mabega yote aliyotaka kuyakata na hakuyakata! Na bado hakuisema.

Dada akamtazama. Akatazama saa. Kisha ukucha mmoja uliopakwa vizuri ukashuka juu ya kibonye kimoja.

"Nimeweka nukta," akasema polepole.

Wakasubiri wote. Kompyuta ikazunguka, ikazunguka, ikakubali.

Mhuri ulishuka saa sita kasoro dakika tatu, kwenye barua ya kwanza, na ulipopanda shangazi alikuwa ameshaisogeza ya pili chini yake. Akasubiri mpaka tarehe na saa zikaandikwa. Kelele iliyofuata ilimtoa mlinzi chini. Wanawake walifungua mikoba kutafuta mikataba yao, mmoja akampigia mwanawe simu amsomee, mwingine akaomba kalamu, na Mwalimu akajikuta amesimama juu ya kiti cha chuma, kiatu kimoja kikipwaya, akiisoma kwa imla barua ya mistari minne kwa watu kumi na tisa. "Mkato hapo," alikuwa akisema. "Usisahau tarehe, wewe wa nyuma."

Jumanne ya kwanza ya mwezi uliofuata wateja walifika kama kawaida yao. Walikuwa wanne, muuguzi akiwa mbele. Pikipiki ikatokea kwenye kona, ikaja, ikapita bila kupunguza mwendo. Wakaisindikiza kwa macho.

"Haya," akasema muuguzi, kitambaa cha bluu mapajani. "Sasa mimi nitachagua nini?"

"Simama," akasema shangazi.

"Nisimame vipi?"

"Kama unavyosimama wodini ukichoka."

Akasimama kwa aibu, uzito mguu mmoja. Wengine wakacheka. Shangazi akamzunguka, hana haraka, akamwambia ainue mkono, aushushe, ainue tena. Kisha akachukua chaki akachora palepale juu ya meza: mstari mmoja mrefu wa shingo, bega likashuka kidogo kushoto, mgongo ukaachiwa nafasi ya kuinama. Vumbi la chaki lilimpaka hadi viwiko. Alikuwa anatabasamu peke yake.

Muuguzi akainama kutazama. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Mama Pindo, mabega haya mbona kama yangu?"

"Sasa ulitaka ya nani?"